Kalenda ya kipupwe iandikwe shuleni

Mwezi wa Julai uingiapo, mji wa Wote hubadilika sura. Jua halionekani hadi saa nne au saa tano za asubuhi. Mawingu ya rangi ya majivu hutanda kutoka mashariki, na msafiri anayepanda gari kuelekea Mbooni au Nunguni hukutana njiani na ukungu, pamoja na manyunyu yasiyotosha hata kulaza vumbi. Wanafunzi huja shuleni wakiwa na sweta mbili mbili, na wauza chai na maandazi huona faida. Mjini Kitui na Mwingi hali ni iyo hiyo, ingawa kadiri uteremkavyo kuelekea Mutomo au Kibwezi ndivyo baridi inavyopungua na ukame unavyozidi. Ukimwuliza mtu barazani kuna kazi gani katika mwezi huu, aghalabu atakujibu kwamba hakuna. Mvua ya masika imekwisha, ya vuli ingali mbali, watu wanangoja.

Jibu hilo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Naamini kwamba katika wilaya hizi mbili za zamani, ambazo tangu mwaka wa 2013 ni kaunti, hakuna miezi yenye uzito kuliko hii ya baridi ambayo watu huidharau. Chakula kilichovunwa huhifadhiwa au kuharibika katika miezi hii, na mvua ijayo huandaliwa au kupotezwa katika miezi hii. Lakini hakuna kalenda yoyote ukutani inayosema hivyo. Kalenda za madukani zina picha nzuri, na siku za Jumapili na sikukuu zimepigwa rangi nyekundu. Zinatuambia tarehe, hazituambii majira.

Neno la zamani la Kiswahili kwa kitabu cha namna ninayoitaka ni takwimu. Wanafunzi wa leo hulijua neno hilo kwa maana ya hesabu za idadi, lakini kamusi za wakati wa ukoloni zililieleza kuwa kalenda au hesabu ya siku na majira. Watu wa pwani walikuwa na takwimu ya kichwani: walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na mwongo baada ya mwongo wakajua wakati wa kupanda, wa kuvua na wa kusafiri. Kule Makunduchi, Unguja, siku hiyo ya mwaka ingali ikisherehekewa kila Julai. Wamarekani nao wana kijitabu cha wakulima kilichoanza kutolewa mwaka wa 1792, ambacho hadi leo humwambia msomaji wa mji mdogo afanye nini theluji iangukapo. Wakamba hawakukosa hesabu yao. Mvua ya Machi hadi Mei ni uua, ile ya Oktoba hadi Desemba ni nthwa, na kiangazi ni thano. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika hesabu hiyo na kuitundika mahali pa watu kuisoma. Nani ana ukuta, chaki na wasomaji mia tatu kila asubuhi, ikiwa si mwalimu?

Kwanza tuelewe baridi yenyewe inatoka wapi. Mwezi wa Juni jua huwa limekwenda kaskazini kabisa mwa ikweta, na ukanda wa mvua hulifuata huko. Kitui na Makueni ziko kusini kidogo mwa ikweta, na upepo unaovuma wakati huo ni ule ambao mabaharia huuita kusi. Upepo huo hutoka upande wa bahari ukiwa baridi na wenye unyevu kidogo. Unapogonga milima ya Mbooni na Kilungu hupanda juu na kugeuka mawingu na ukungu, lakini hauna nguvu ya kuleta mvua ya maana. Kwa hiyo tuna hali ya kustaajabisha: ardhi ni kavu, mito ni mchanga mtupu, na hata hivyo hewa ya asubuhi ina majimaji na jua limefichika. Mahindi yaliyotandazwa uani wakati kama huo hudanganya. Juu yanaonekana makavu, ndani yana maji.

Hapa sina budi kukawia, maana jambo hili limeua watu.

Mwaka wa 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, au aflatoksini kama wataalamu wa maabara wanavyoiita. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Karibu wanne katika kila wagonjwa kumi walifariki. Walianza kwa kutapika na maumivu ya tumbo, macho yakageuka manjano, matumbo yakavimba, na maini yakashindwa kazi. Walichokula hakikuwa kitu cha ajabu. Kilikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe. Yalivunwa Februari wakati mvua isiyo ya msimu ilikuwa ikinyesha, na yakahifadhiwa kabla ya kukauka. Watafiti waliochunguza maafa hayo waligundua kwamba walioathirika zaidi ni wale waliohifadhi mahindi mabichi, na waliyoyaweka ndani ya nyumba za kulala badala ya ghalani. Walipopima mahindi ya masokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni, na chache zilipita hata sehemu elfu moja.

Wala halikuwa jambo geni. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Miaka 23 ikapita kati ya msiba na msiba, na somo lile la kwanza halikuandikwa kwenye ukuta wowote. Sisemi haya ili kumlaumu aliyeweka gunia chini ya kitanda. Mwaka wa njaa, gunia moja la mahindi lina thamani kuliko redio, na ghala iliyo uani haina kufuli. Mtu aliogopa mwizi, akaingiza ndani kitu kibaya kuliko mwizi.

Kuvu inayotengeneza sumu hii hukaa udongoni. Huupata mmea hasa unapodhoofishwa na ukame, kisha hustawi zaidi ikiwa punje zina unyevu na mahali pana joto. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, yaani katika wiki zile zile ambazo jua la asubuhi limefichika. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa kalenda ninayoipendekeza uwe juu ya kukausha, na uandikwe kwa herufi kubwa: mahindi yasitandazwe juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai, yatolewe jua litokapo na kufunikwa kabla ya umande wa jioni, punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zichaguliwe na kutupwa, wala asipewe ng'ombe wala kuku, kwa kuwa sumu hupita hata katika maziwa. Isitungiwe pombe pia. Mtu asijidanganye kwamba moto wa jikoni utaiua. Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, kwa sababu sehemu kubwa imo katika ganda na kiini, lakini kupunguza si kumaliza.

Mtu atajuaje kwamba mahindi yamekauka? Wazee huuma punje na kusikiliza mlio wake. Meno yao yana ujuzi mwingi, ila yangu hayana, na nadhani ya wanafunzi wengi pia. Kuna jaribio ambalo laweza kufanywa darasani kwa chupa ya kioo yenye kifuniko na chumvi ya mezani. Chupa iwe safi na kavu kabisa, na chumvi nayo iwe kavu. Tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vitatu au vinne vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na lazima yarudi juani. Chumvi isiposhika, kukausha kumefika mbali, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu hutakiwa kiwango kishuke hadi asilimia 13 na nusu hivi. Mwalimu wa sayansi atapata hapo somo zima la unyevu na chumvi. Kila mwanafunzi akileta konzi chache za mahindi ya kwao, darasa litajua katika kipindi kimoja ni nyumba ngapi za kijiji zimo hatarini. Matokeo yapelekwe nyumbani siku iyo hiyo.

Yakishakauka, adui wa pili ni dumuzi, mdudu mdogo aliyeingia Kenya kupitia Taveta mwaka wa 1983 akitokea Tanzania, ambako alikuwa ameanza kuonekana upande wa Tabora. Wakulima wetu walimpa baadaye jina la Osama, na jina hilo linatosha kueleza heshima yake. Huyageuza mahindi unga ghalani kabla mwenyewe hajayapeleka kwenye kinu. Magunia yasiyopitisha hewa, yanayouzwa sasa katika maduka mengi ya pembejeo, humwua kwa kumnyima pumzi, bila dawa. Lakini kalenda yetu iseme wazi: gunia hilo ni la mahindi makavu tu. Ukifungia humo mahindi mabichi utakuwa umeifungia kuvu nyumba yake.

Nayajua maswali yatakayoulizwa. Mzazi anayedaiwa karo hana nafasi ya kungoja mahindi yakauke. Muhula wa pili unafungwa, wa tatu unafunguliwa mwishoni mwa Agosti, na dalali amekwisha kuegesha lori sokoni. Huuza ndengu na mahindi wakati kila mtu anauza, kwa bei ya kutupa, kisha Novemba hununua chakula kwa bei ya juu. Hilo ni kweli, na hakuna kalenda itakayolipa karo. Hata hivyo shule yenyewe ina sauti katika jambo hili. Bodi ya shule inaweza kukubali kupokea mahindi na mbaazi kuwa sehemu ya malipo, kwa kuwa wanafunzi wanakula githeri kila siku na shule itayanunua mahindi hayo hayo kutoka kwa dalali. Zipo shule zifanyazo hivyo. Masharti yawe kwamba mahindi hayo yapite kwenye chupa ya chumvi mlangoni mwa ghala, bila upendeleo, yawe ya mzazi maskini au ya mjumbe wa bodi.

Tuache ghala tuende shambani. Kosa la vitabu vyetu vya jiografia ni kuwafundisha watoto kwamba mvua ndefu ndiyo kuu na mvua fupi ni ndogo. Kwa Trans Nzoia maneno hayo yana ukweli. Kwa Kitui na Makueni ni kinyume: mvua ya vuli, ile inayoitwa fupi, ndiyo ya kutegemewa, na ikikosekana hiyo, njaa haiko mbali. Magazeti na redio hutangaza msimu wa kupanda mwezi wa Machi, nasi twaitikia. Msimu wetu mkubwa huanza Oktoba, na maandalizi yake ni Julai na Agosti, wakati kuna nafasi na baridi hurahisisha kazi ya jembe.

Kazi hiyo ni matuta. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka wa 1994 kitabu juu ya Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka kutoka takriban 240,000 katika miaka ya mwanzo ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1989, na badala ya ardhi kuzidi kuharibika, mmomonyoko ulipungua. Sababu mojawapo kuu ilikuwa matuta yaliyochimbwa kwa mikono, mengi yakiwa yale ya fanya juu, ambapo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake katika vikundi vya mwethya, na wakati wao ulikuwa kiangazi. Hakuna mwanafunzi wa Makueni anayestahili kumaliza shule bila kujua kwamba mama zake na nyanya zake wameandikwa katika vitabu vya ulimwengu kwa kazi waliyoifanya katika miezi ambayo yeye anaambiwa haina kazi.

Na mito pia. Msafiri mgeni akiona mto wa mchanga mwezi wa Agosti husema umekauka. Mwenyeji anayechimba kisima mchangani anajua zaidi. Mahali penye ukuta wa zege uliojengwa juu ya mwamba kukata mto, mchanga hujaa nyuma yake na maji hukaa kati ya punje za mchanga, mbali na jua na mbu. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kazi ya namna hiyo mwaka wa 1978, na Kitui ina mamia ya mabwawa hayo. Kazi ya kujenga hufanywa mto ukiwa mtupu, yaani sasa. Nao mchanga ulinzi wake ni sasa, kwa kuwa malori huingia mtoni kwa urahisi wakati wa kiangazi. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Wanafunzi wasome sheria hiyo katika somo la uraia kabla ya kusoma zile za nchi za mbali.

Mabati ya shule nayo yakaguliwe kabla ya Septemba kwisha. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Darasa lenye paa la mita za mraba 60 likipata milimita 300 katika vuli hupokea lita 18,000. Ondoa kiasi kinachopotea, bado ni tangi kubwa na nusu. Mfereji uliotoboka au uliojaa majani huyamwaga yote ukutani. Mwalimu wa hesabu asitafute mfano mwingine.

Mambo madogo ya mjini nayo yana nafasi katika kalenda. Mwalimu aliyepanga chumba kimoja Wote au Mwingi huona baridi ikimzidi usiku akaingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango na dirisha. Gesi itokayo humo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Haimkoroweshi mtu, humlaza tu. Jiko liwake nje na libaki nje, hata likiwa limebakiza majivu mekundu tu. Kuku wachanjwe dhidi ya kideri kabla upepo wa baridi haujaanza kuueneza. Mbuzi wa kuuzwa auzwe akiwa bado na mwili. Mbaazi za muda mrefu, zilizopandwa tangu Oktoba iliyopita, ndizo hizi zinazoiva, na machungwa ya Makueni yamo sokoni. Sijui chakula kingine cha kipupwe kinachoshinda mbaazi mbichi zilizopikwa na muthokoi.

Nimeuacha mwembe kwa makusudi. Baridi hii ndiyo inayouchochea kutoa maua, na maua hayo huja wakati ambapo ukungu wa asubuhi huleta ugonjwa unaoyafunika kama unga mweupe na kuyaangusha. Anayechelewa kuukagua mti wake Julai hana haki ya kulalamika Desemba kwamba kiwanda cha Kalamba hakikununua kitu kwake. Lakini kwa shule mwembe una faida nyingine: ni saa. Wazee husoma majira kwa kuchanua kwa miti na mwelekeo wa upepo, nao hukiri kwamba siku hizi dalili zinawachanganya. Sisi hatuna maandishi ya kulinganisha. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli takriban mwishoni mwa Agosti, ikitazama joto la bahari, maana El Niño mara nyingi hutuzidishia mvua na La Niña hutunyima. Kuanzia vuli ya 2020 hadi ile ya 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo katika sehemu nyingi za maeneo makavu ya nchi, kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Utabiri wa taifa lakini hauwezi kusema ni tarehe gani tone la kwanza lilianguka katika uwanja wa shule yako mwaka jana, wala mwaka juzi.

Kwa hiyo kalenda hiyo iwe na safu mbili. Ya kwanza iandikwe yanayopasa kufanywa katika mwezi. Ya pili ibaki tupu, na wanafunzi waijaze yaliyotokea: siku ya ukungu wa kwanza, siku visima vya mchangani vilipoongezwa kina, bei ya debe la mahindi sokoni kila wiki, idadi ya chupa ambazo chumvi iligandamana. Karatasi za kila mwaka zitunzwe katika faili moja ofisini, zisichomwe pamoja na mitihani ya zamani. Kazi inaweza kuanza kesho kwa tarehe moja tu, ile ya ua la kwanza kwenye mwembe ulio karibu na lango la shule.